Maswali ya Wasomaji: Simlinki Mahali Pasipo na Simlinki

Barua nne tulizochagua safari hii zimetoka miji tofauti, lakini zote zinazunguka jambo moja. Kiungo ishara, ambacho mafundi wengi hukiita simlinki, ni kijifaili kinachobeba anwani ya faili au folda nyingine, na ni kitu cha kawaida kabisa kwenye Unix na Linux. Kikifika kwenye mfumo usiokifahamu, huwa kinageuka kitu kingine, na mara nyingi mwenye kompyuta hajui kilichotokea hadi kazi inapogoma.

SWALI: Ndugu mwandishi, hongera kwa kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwalimu wetu alitupa mradi uliotengenezwa kwenye kompyuta za Linux za maabara, nami nikauchukua kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi, kwenye kompyuta yangu mpakato yenye Windows 11. Programu ilikataa kuwaka ikidai kwamba faili la mipangilio limeharibika. Nilipolifungua kwa Notepad nilikuta mstari mmoja tu: `../pamoja/mipangilio.conf`. Wenzangu wanaotumia Linux hawapati tatizo hilo. Rafiki yangu amenishauri nifute mstari huo na kubandika maandishi ya faili halisi mahali pake. Je, nifanye hivyo? — Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Usifanye hivyo, na kama umeshafanya, usiyapeleke mabadiliko hayo kwenye hazina ya mradi kabla hujasoma jibu hili hadi mwisho.

Faili lako halijaharibika. Ulichokiona ni simlinki yenyewe, yote nzima. Hesabu herufi za mstari huo utapata 25, na ukitazama ukubwa wa faili utakuta ni baiti 25, bila hata baiti moja ya ziada. Simlinki haina kitu kingine ndani yake zaidi ya anwani ya faili jingine, na tofauti kati ya Linux na kompyuta yako ni nani anayeisoma anwani hiyo.

Fikiria duka lililohama, mwenyewe akabandika karatasi mlangoni: "Tumehamia mtaa wa pili." Kwenye Unix, tangu viungo hivi vilipoingizwa katika toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, anayeisoma karatasi hiyo ni kiini cha mfumo, yaani keneli. Programu inaomba kufungua faili, keneli inakuta karatasi, inaifuata hadi mtaa wa pili na kurudi na bidhaa, na programu iliyoomba haijui kwamba duka lilihama. Kwenye kompyuta yako karatasi ile ile imeandikwa upya kama faili la kawaida, kwa hiyo programu imepewa karatasi badala ya bidhaa, ikajaribu kuisoma kama mipangilio, ikashindwa.

Aliyeiandika upya ni Git. Ndani ya hazina, kila kitu kina namba ya aina yake, na simlinki ina namba 120000. Ukiandika amri `git ls-files -s` utaiona namba hiyo mbele ya faili lako. Git inapogundua kwamba haiwezi kutengeneza simlinki za kweli mahali ilipo, huweka mpangilio wa `core.symlinks` kuwa `false` na kuandika anwani kama maandishi matupu. Huo ni uigaji wa chini kabisa: habari ya kiungo inahifadhiwa, lakini tabia yake haipo.

Sasa utaona kwa nini ushauri wa rafiki yako ni wa hatari. Mpangilio huo ukiwa `false`, Git inaendelea kuamini kwamba faili hilo ni la aina 120000, hata ukilijaza maandishi mengine. Ukibandika mistari mia mbili ya mipangilio na kuwasilisha, Git itaihifadhi mistari yote mia mbili kama anwani ya simlinki. Kwako programu itawaka vizuri, ila mwalimu wako akichukua mabadiliko yako kwenye Linux atapata kiungo kinachoelekea mahali pasipokuwepo, au Git itashindwa kabisa kukitengeneza kwa sababu anwani ni ndefu kupita kiasi. Nimeliona kosa hili likipita mikononi mwa watu makini, kwa sababu kwa aliyelifanya kila kitu kinaonekana sawa.

Njia sahihi ni kuiambia Windows itengeneze simlinki za kweli, maana inaweza. Mfumo wa faili wa NTFS umekuwa nazo tangu Windows Vista. Kilichozifanya zisizoeleke ni kwamba kwa miaka mingi ni msimamizi wa kompyuta peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuzitengeneza. Mwaka 2017, katika toleo la 1703 la Windows 10, mtumiaji wa kawaida aliruhusiwa pia, mradi hali ya wasanidi programu (Developer Mode) imewashwa kwenye mipangilio ya Windows. Iwashe hali hiyo, kisha ndani ya mradi andika `git config core.symlinks true`, futa lile faili la baiti 25, halafu lirudishe kwa `git checkout --` ukifuatisha jina lake. Litarudi likiwa simlinki halisi. Kama hujafanya kazi yoyote bado, ni rahisi zaidi kuuchukua mradi upya kwa `git clone -c core.symlinks=true`.

Ukitaka kutengeneza kiungo kwa mkono, amri ya Windows ni `mklink`, na hapo kuna mambo mawili yanayowakwaza wanaotoka Linux. La kwanza ni mpangilio wa maneno: `ln -s` hutanguliza faili halisi na kumalizia na jina la kiungo, ilhali `mklink` hutanguliza jina la kiungo. La pili ni zito zaidi. Unix haijali kama kiungo kinaelekea kwenye faili au kwenye folda, wala kama kinachoelekewa kipo. Windows hutaka kujua tangu mwanzo, ndiyo maana kiungo cha folda huhitaji `mklink /D`, na ukikosea aina, kiungo kitaonekana kipo lakini hakitafunguka.

Huenda baadhi ya wenzako wanatumia kompyuta za chuo ambazo hawaruhusiwi kubadilisha mipangilio yake. Hao kwa folda wanaweza kutumia jankisheni, inayotengenezwa kwa `mklink /J`, ambayo imekuwepo tangu Windows 2000 na haihitaji ruhusa ya msimamizi. Jankisheni hubeba anwani kamili kuanzia herufi ya diski, kwa hiyo ukiuhamisha mradi itaendelea kuelekea ulipokuwa zamani. Na Git itaiona kama badiliko, basi isiwasilishwe. Njia ya mkato ya kawaida ya Windows, ile yenye mshale mdogo kwenye ikoni, haisaidii kitu hapa. Hiyo husomwa na dirisha la mafaili peke yake, na programu ikiifungua itakuta baiti za njia ya mkato yenyewe, sawa na ilivyokukuta wewe.

Nimalizie na onyo lililonigharimu siku tatu. Ukifungua dirisha la amri linalokuja na Git kwenye Windows na kuandika `ln -s`, amri hukubali bila malalamiko, lakini katika mipangilio yake ya kawaida haitengenezi kiungo; hunakili faili zima. Nilikuwa nikirekebisha faili moja la mradi huku programu ikisoma nakala yake, na kila nilichobadilisha hakikuonekana. Nilikagua msimbo, nikakagua seva, na siku ya tatu ndipo nilipolinganisha mafaili mawili niliyodhani ni moja. Tangu hapo, kabla ya kuandika `ln -s` katika dirisha hilo, huandika kwanza `export MSYS=winsymlinks:nativestrict`, ambayo huilazimisha amri itengeneze kiungo cha kweli au iseme wazi kwamba imeshindwa.

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa tovuti. Mteja wangu anayetumia Mac alinakili tovuti yake kwenye flashi akaniletea. Ndani yake nimekuta mafaili zaidi ya arobaini yenye majina tofauti lakini ukubwa mmoja, baiti 1,067, na kila moja linaanza na neno XSym. Nilidhani ni virusi. Pia nilipojaribu kuirudishia flashi hiyo tovuti iliyorekebishwa kutoka Linux, kila simlinki ilikataliwa kwa ujumbe kwamba kitendo hicho hakiruhusiwi, ingawa niliingia kama msimamizi mkuu. Kuna namna ya kuilazimisha flashi ikubali? — Fundi, Mombasa

JIBU: Ndugu fundi, si virusi, na nafurahi hukuyafuta.

Flashi nyingi hutumia mfumo wa faili wa FAT. Ndani ya FAT, kila faili lina kumbukumbu ya baiti 32 inayobeba jina lake, tarehe, ukubwa na mahali lilipoanzia. Kati ya baiti hizo ni moja tu iliyotengwa kwa ajili ya sifa: faili la kusomwa tu, lililofichwa, la mfumo, jina la diski, folda, na faili linalosubiri kuhifadhiwa. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba hiki ni kiungo. Ndiyo sababu umsimamizi wako haukusaidia. Linux haikukunyima ruhusa, ilikosa mahali pa kuandika.

Anayetaka kiungo kwenye FAT, basi, hana budi kukiandika ndani ya faili la kawaida na kuliwekea alama ambayo programu nyingine italitambua kwayo. Hicho ndicho Mac ilichofanya. Fungua faili mojawapo ulitazame kwa makini:

```
XSym
0025
(herufi 32 za hesabu ya MD5)
../pamoja/mipangilio.conf
```

Mstari wa kwanza ni alama, na pamoja na baiti ya kufunga mstari unachukua baiti 5. Wa pili ni urefu wa anwani kwa tarakimu nne, baiti 5 nyingine. Wa tatu ni hesabu ya MD5 ya anwani hiyo, yaani alama ya uhakiki inayokokotolewa kutoka herufi zake, baiti 33. Kisha zinafuata baiti 1,024 zilizotengwa kwa anwani, ambazo baada ya anwani yenyewe hujazwa nafasi tupu hadi mwisho. Jumlisha: 5, 5, 33 na 1,024 ni 1,067 kamili. Ukubwa usiobadilika una kazi yake. Mfumo ukipita kwenye folda yenye mafaili elfu moja hauna haja ya kuyafungua yote. Unafungua yale ya baiti 1,067 tu, unatazama kama lina XSym, kisha unahakiki MD5 ili faili la mtu ambalo kwa bahati lina ukubwa huo lisidhaniwe kuwa kiungo. Naupenda mpango huu kwa uangalifu wake. Jina lake ni Minshall+French, na unatumika pia kwenye mitandao: ukiunganisha Linux na folda ya seva ya Windows au ya Samba (programu inayogawa mafaili mtandaoni kwa njia ya Windows) kwa aina ya `cifs`, ukiongeza chaguo la `mfsymlinks`, Linux itaandika na kusoma viungo kwa umbo hilo hilo.

Lakini Linux haiyasomi mafaili hayo kwenye flashi ya FAT. Kwa hiyo mwombe mteja aichomeke tena flashi kwenye Mac, ambako yataonekana kuwa simlinki, na akufungie folda nzima kwa `tar`, amri inayofunga folda kuwa faili moja. Kama mteja yuko mbali, amri ya `sed -n 4p` itakutolea anwani kutoka mstari wa nne wa kila faili, nawe utaunda kiungo kwa `ln -s` kwenye diski ya Linux.

Kuhusu kuilazimisha flashi: zamani Linux ilikuwa na mfumo ulioitwa UMSDOS, uliokaa juu ya FAT na kuweka ndani ya kila folda faili moja lenye jina `--linux-.---`, ambamo wenye mali, ruhusa na viungo viliandikwa. Watu waliendesha Linux nzima ndani ya diski ya DOS kwa njia hiyo. Ulikuwa na udhaifu mmoja uliotokana na umbo lake: ukiingia DOS na kubadilisha jina la faili, ile daftari ya pembeni haikupata habari. UMSDOS iliondolewa kwenye keneli miaka mingi iliyopita, na sikushauri utafute mrithi wake.

Flashi uichukulie kama gari la mizigo tu. Andika `tar -cf /media/flashi/tovuti.tar tovuti`, na simlinki zote zitasafiri salama ndani ya faili moja, maana `tar` huandika viungo katika umbo lake yenyewe na haijali kilichoko chini. Angalia tu kwamba FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Likizidi, likate kwa `split`. Chaguo la `-L` la `rsync` au `cp`, ambalo huweka nakala ya faili halisi mahali pa kila kiungo, linafaa pale tu mpokeaji anataka kusoma na hatarudisha kitu. Akirudisha, utapokea nakala kadhaa za faili moja bila kujua ipi ndiyo iliyorekebishwa.

SWALI: Kaka mwandishi, sina kompyuta, najifunza kuandika programu kwa simu ya Android kwa kutumia Termux, programu inayoleta amri za Linux kwenye simu. Niliweka mradi wangu kwenye hifadhi ya kawaida ya simu, pale zinapokaa picha, ili niuone kirahisi. Kila nikiandika `npm install` inakataa na kutaja neno symlink. Je, simu yangu ni ya zamani mno? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Dada yangu, au kaka, maana hukutuambia, simu yako haina kosa. Android ina Linux ndani yake, na sehemu ya ndani ambako kila programu inatunza vitu vyake inakubali simlinki bila shida. Ile hifadhi ya pamoja inayokaa picha na muziki ni tofauti: imewekewa tabaka linaloifanya ifanane na kadi ya kumbukumbu, bila viungo na bila ruhusa za Unix. Nayo `npm`, chombo cha kusakinisha vifurushi vya JavaScript, hupenda kuunda simlinki katika folda ya `node_modules/.bin` kwa kila chombo inachosakinisha.

Hamishia mradi kwenye folda ya nyumbani ya Termux, ile unayofika ukiandika `cd` peke yake, na usakinishe hapo. Ukilazimika kubaki ulipo, `npm install --no-bin-links` huacha kuunda viungo hivyo, ingawa vyombo vya mradi itabidi uviite kwa anwani zao ndefu. Zingatia pia kwamba ukiifuta Termux, folda yake ya nyumbani inafutika nayo. Kwa hiyo mara kwa mara ufunge mradi kwa `tar` na kuliweka faili hilo kwenye hifadhi ya pamoja.

SWALI: Ndugu mwandishi, ofisini kwetu kuna mashine ya Windows iliyokuwa na Cygwin, programu inayoleta amri za Unix kwenye Windows, kwa miaka mingi. Mtangulizi wangu alihifadhi kazi zote kwenye diski ya nje, na sasa nimezirudisha kwenye mashine mpya, nayo ina Cygwin. Skripti nyingi hazifanyi kazi. Baadhi ya mafaili yanaanza na `!<symlink>`, kisha alama mbili za ajabu, kisha anwani ambayo kati ya herufi zake kuna baiti tupu. Je, viungo hivi vimepotea? — Mtunza mifumo, Arusha

JIBU: Havijapotea hata kimoja.

Cygwin ilijenga simlinki zake yenyewe kwenye Windows kabla Windows haijawa nazo. Faili la kiungo lilianza na alama hiyo uliyoiona. Zile alama mbili ni baiti FF na FE, zinazotangaza kwamba maandishi yanayofuata yako katika UTF-16, ambamo kila herufi ya kawaida huchukua baiti mbili, na ndiyo maana unaona baiti tupu kati yake. Lakini alama ya ndani haikutosha. Ili isilazimike kufungua kila faili, Cygwin ililipa faili la kiungo pia ile sifa ya faili la mfumo niliyoitaja kwa fundi wa Mombasa. Faili lisilo na sifa hiyo, Cygwin halilitazami ndani. Hulichukua kama faili la kawaida.

Na sifa hiyo ndiyo iliyodondoka njiani. Vyombo vingi vya kunakili na kufunga mafaili hubeba maandishi na kuacha sifa. Mpango wa XSym ulikwepa hatari hii kwa kuweka kila kitu ndani ya faili, na kwa maoni yangu huo ndio ubora wake mkubwa.

Dawa ni kuirudisha sifa kwa amri ya Windows ya `attrib +s`. Kwa kuwa mafaili ni mengi, simama kwenye folda husika ndani ya Cygwin uandike:

```
grep -rl '^!<symlink>' . | while read -r f
do attrib +s "$(cygpath -w "$f")"
done
```

Anza na folda moja ndogo uliyoinakili pembeni, kisha andika `ls -l`: palipokuwa na faili la kawaida unapaswa kuona mshale na anwani. Kama kuna hati za maelezo ambazo mstari wake mmoja unaanza na alama hiyo, `grep` itazikamata pia, basi ipitie orodha yake kwa macho kabla ya kuendesha kitanzi kizima. Anwani zinazoanza na herufi ya diski ya mashine ya zamani itabidi uzitengeneze upya, na hapo ndipo `export CYGWIN=winsymlinks:nativestrict` itakufaa, ili viungo vipya viwe vya NTFS na visomwe na programu zote za Windows. Diski ya nje ukiiandikia tena, iandikie faili la `tar` lililofungwa ndani ya Cygwin yenyewe, baada ya sifa kurudi.